Tupeane uzoefu: wenye kamera za mkanda zisizotengenezwa tena, mnazitunzaje zikaendelea kupiga?

Mwanzisha uzi (Tanga)

Habari zenu wakuu.

Nina Yashica Electro 35 GSN ya marehemu baba. Aliinunua kwa baharia bandarini hapa Tanga, mwishoni mwa miaka ya sabini, akapigia harusi za Ngamiani mpaka macho yalipomchoka. Picha nyingi za ukoo wetu, za waliopo na waliotangulia, zilipita kwenye lenzi hii.

Mwaka 2019 niliitoa kwenye sanduku la bati. Kwa nje ilikuwa inang'aa. Nikatia mkanda, nikapiga picha zote 36, nikapeleka kusafisha. Zimeungua karibu zote, nyeupe tupu. Mafundi wawili wakaniambia imekufa, niiweke sebuleni iwe pambo. Niliumia, kwa sababu sikutaka pambo.

Wa tatu alikuwa mzee mmoja fundi saa, zamani akitengeneza na kamera. Hakuifungua. Aliiweka sikioni, akavuta wenzo wa kusogezea mkanda taratibu mpaka mwisho, akauachia. Akarudia. Kisha akasema neno moja: "Haigongi."

Akanieleza. Kwenye Electro nzima, ukivuta wenzo unasikia kitu ndani kinagonga, *tok*, zaidi ya ule mlio wa meno ya gia. Hicho ni kifimbo cha shata, yaani cha ule mlango mdogo unaofunguka na kufunga kuruhusu mwanga, kinarudi mahali pake. Kwenye kifimbo kuna kipande cha mpira, kidogo kuliko punje ya choroko, na mpira ule huoza kwa umri. Ukioza, kifimbo hakirudi sawasawa, na ubongo wa kamera unapima mwanga ovyo: mara picha ziungue, mara zile taa mbili, nyekundu na ya njano, zisiwake kabisa. Kamera haijafa. Imekosa kipande cha mpira tu.

Tulifungua kofia ya juu pamoja. Mpira ulikuwa umegeuka uji mweusi kama lami. Akausafisha kwa njiti ya meno na spiriti. Mimi nikashauri tukate kandambili, akakataa: "Kandambili inabonyea, wiki mbili imelala." Tukakata tyubu ya baiskeli, tukaikunja mara mbili, tukaibandika kwa tone la gundi ya raba. Akarudisha kifimbo, akavuta wenzo. *Tok.* Wakuu, nililia pale kwenye kibao chake.

Betri ndiyo ilikuwa kazi ya pili. Kamera hii ilitumia betri ya zebaki ya volti 5.6, ambayo haiuzwi tena. Mzee alichukua vidonge vinne vya AG13, vile vya saa na vikokotoo, akavipanga kimoja juu ya kingine, akavizungushia karatasi ngumu, na nafasi iliyobaki akaijaza kwa springi ya kalamu. Inakuwa volti 6, na saketi ya Electro haijali tofauti hiyo ndogo. Unabonyeza kitufe cha nyuma, kidirisha cha kuhesabia picha kinawaka kijani. Sasa mwaka wa nne, haijanisumbua.

Kwa nini nafungua uzi: Yashica ilimezwa na Kyocera mwaka 1983, na Kyocera wenyewe wakatangaza kuacha kamera mwaka 2005. Hakuna wa kumpigia simu akuletee spea. Na yule mzee sasa macho yamekwisha, hafungui tena kitu. Kila mwenye kamera hizi ana kipande chake cha elimu. Kiweke hapa: kamera gani, iliumwa nini, ulijuaje, ulifanyaje.

Mchangiaji wa Morogoro

Mkuu, umenigusa. Mimi naanza na kosa langu.

Baba alisoma Moscow, Chuo cha Lumumba, akarudi na Zorki 4. Kamera ya chuma tupu, haina betri, haina mita ya kupimia mwanga, ina lenzi ya Jupiter-8. Alinifundisha sheria moja kabla hajaniruhusu kuishika: *vuta kwanza, ndipo ubadilishe spidi.* Ukizungusha kirungu cha spidi kabla ya kuvuta shata, unaweza kuvunja mitambo ya ndani. Hiyo nilishika. Sheria ya pili sikuishika.

Niliiweka mezani kibarazani, lenzi ikitazama jua, kifuniko sijaweka. Zorki haina kioo ndani kama zile ambazo kioo huruka juu ukipiga. Nyuma ya lenzi ni pazia la kitambaa moja kwa moja. Lenzi ikafanya kazi ya kioo cha kuwashia moto. Roli iliyofuata, kila picha ya nje ina doa jeupe upande mmoja, mahali palepale. Nilidhani ni wanaosafisha picha wamechafua.

Namna ya kujua: fungua mgongo bila mkanda, ingia chumba chenye giza, washa tochi ya simu mbele ya tundu la lenzi, tazama kwa nyuma. Pazia zima ni giza. Langu lilikuwa na nyota moja. Kisha vuta shata uangalie tena, maana mapazia ni mawili na lile jingine linaonekana shata ikishavutwa.

Nilipaka rangi nyeusi ya kitambaa, ile inayobaki laini ikikauka, kwa ncha ya sindano, kidogo sana, nikaiacha usiku kucha kabla ya kukunja pazia. Ukipaka nene pazia linakuwa zito na spidi zinayumba. Doa limeisha. Tangu hapo kifuniko cha lenzi nakifunga kabla sijaitua kamera mezani.

Dada wa Mombasa

Assalam aleikum nduzangu. Mie nna Pentax K1000, ile iliyotengenezwa tangu 1976 hadi 1997. Wenye kamera hii wanajua haina swichi ya kuzima mita. Ukiiacha wazi kwenye mwanga inanyonya betri mpaka iishe. Dawa ni kifuniko cha lenzi tu. Na betri ikiisha usihuzunike, shata inafanya kazi spidi zote, kilichokufa ni mshale wa mita peke yake.

Mimi betri haikunipa tabu. Kilichonitesa ni ukungu. Nyumba yetu iko karibu na bahari, nguo kabatini zenyewe hutoa harufu. Kamera niliihifadhi kwenye mfuko wake wa ngozi, nikiamini naitunza. Baada ya masika mawili nikatazama lenzi kwa kuielekeza kwenye taa: ndani kuna utando kama wa buibui, umetambaa kutoka ukingoni kwenda katikati. Ngozi huvuta unyevu na kuushika, nilikuwa nimeijengea kuvu nyumba.

Fundi aliisafisha lakini ilikuwa imechelewa, kuvu ilishakula ule mpako wa kioo. Nikipiga kuelekea jua picha inapauka kama imefunikwa na ukungu. Jua likiwa mgongoni iko sawa, basi nimejifunza kupiga jua likiwa mgongoni.

Sasa kamera hukaa kwenye dumu la plastiki la kuwekea mchele, lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kila miezi miwili navipasua, punje nazikausha kwenye kikaango moto mdogo, nazirudisha kwenye kitambaa kipya. Kikaango hicho sikipikii. Na kila Ijumaa naitoa, napiga shata mara kumi spidi zote bila mkanda. Mashine ikikaa bila kwenda, mafuta yake huganda.

Enyi mlio pwani, tazameni lenzi zenu leo kwa tochi, msingoje.

Mchangiaji wa Iringa

Mwanzisha uzi, Electro yangu inapiga vizuri tu hata bila betri. Je, hiyo inamaanisha ni nzima?

Mwanzisha uzi (Tanga)

Hapana mkuu. Bila betri inapiga kwa spidi moja, 1/500 ya sekunde, hata ufanyeje. Juani utapata picha, kivulini utapata giza. Tia betri, halafu vuta wenzo usikilize.

Mchangiaji wa Nairobi

Niko Nairobi, natumia Olympus OM-1. Nitaongea kuhusu betri kwa sababu hapa watu wengi wanapoteza mikanda bila kujua.

Kamera nyingi za wakati ule, OM-1 ikiwemo, mita yake ilipimwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35. Uzuri wa zebaki ni kwamba volti ilikaa palepale mpaka betri ife. Marekani ilizipiga marufuku 1996 na nchi zingine zikafuata. Ukiweka ya kawaida ya volti 1.5, mita inadanganya. Mbaya zaidi, haidanganyi sawasawa: betri ikishuka, na uongo unabadilika.

Mimi jibu nililipata kwa nyanya yangu. Anatumia kifaa cha kusikia. Siku moja nikimbadilishia betri, nikaona kwenye pakiti: 675, volti 1.4. Nikaomba moja. Ni nyembamba kuliko nafasi ya kamera, kwa hivyo nilitafuta ile pete ya mpira ya mafundi bomba, nikaivalisha betri ikakaa katikati. Nikalinganisha na mita ya rafiki yangu, zikaafikiana.

Mambo mawili. Ukibandua ile stika inayofunika tundu zake, betri inaanza kuvuta hewa na hapo safari yake imeanza, haitazimika hata usipopiga. Hesabu wiki kadhaa, si mwaka. Ngoja dakika moja kabla ya kuiweka. Na usizibe tundu zake.

Siku nisipokuwa na betri, natumia ile kanuni iliyokuwa ikichapwa ndani ya boksi la mkanda: jua kali, weka tundu la lenzi kwenye namba 16 (f/16), spidi ifanane na namba ya mkanda (ISO). Mkanda wa 200, spidi 1/250. Kwa jua letu la saa sita sijawahi kujuta. Ila angalia nyuso: jua liko utosini, macho yanaingia kivulini, fungua lenzi hatua moja.

Mchangiaji wa Arusha

Sponji jamani. Hakuna aliyetaja sponji.

Karibu kila kamera ya Kijapani ya miaka hiyo ina sponji nyeusi kwenye mfereji wa mlango wa nyuma, kuzuia mwanga. Huoza na kugeuka gundi. Nilipiga harusi ya mdogo wangu, nikapata mstari mwekundu kama mwali wa moto umekatiza shela la bibi harusi, picha saba mfululizo. Picha zile hazirudiwi.

Kwangua uchafu wote kwa njiti na spiriti, taratibu, punje isiangukie kwenye shata. Mfereji mwembamba laza uzi mweusi wa sufu, ule wa kufumia masweta, usiokuwa na manyoya mengi. Upande wa bawaba bandika kipande cha mahameli nyeusi. Nimefanya kamera sita hivyo, hakuna iliyovuja. Na kama kamera yako ina kioo kinachoruka, angalia sponji inayokipokea juu. Hiyo nayo huoza, na uji wake hunata kwenye kioo. Kioo chenyewe usikisugue kwa kitambaa, mpako wake uko juu si chini, unatoka mara moja.

Mchangiaji wa Dodoma

Canon AE-1 yangu ilianza kulia kila nikipiga, kama mtoto mwenye pumu. Kumbe ni ugonjwa unaojulikana: gia ya kioo imekauka mafuta. Fundi alifungua bamba la chini, akadondosha tone moja la mafuta ya saa kwa sindano ndefu. Tone moja. Kabla yake kuna mtu alinishauri nipulizie mafuta ya kopo, yale ya kulegeza nati. Msifanye hivyo. Yanasambaa mpaka kwenye lenzi na shata, na hapo ndipo kamera inapokufa kweli.

Mwanzisha uzi (Tanga)

Ahsanteni sana. Nimeyanakili yote kwenye daftari, kwa kalamu.

Jana nilikwenda kwa mzee. Kuna wenzetu wawili walionitumia sauti za Electro zao kwa simu, wakitaka kujua hali zake. Nikamkalisha kibarazani, nikaweka simu karibu na sikio lake, nikamchezea ya kwanza. Akasikiliza ameinamisha kichwa. Akaomba nirudie. Nikacheza ya pili. Akanyoosha mkono, akaushika wangu, akasema nirudie tena mwishoni pale, wenzo ukiachiwa.

"Ya kwanza nzima," akasema. "Huyo wa pili mwambie atafute tyubu."

Mkuu wa Iringa, wa pili ni wewe. Fungua kofia ya juu. Ukishika kwa bisibisi ule uma wa ndani, unaoshika mkanda, usizunguke, kishikio cha kurudishia mkanda kitafunguka ukikizungusha. Piga picha kila hatua kabla hujatoa skrubu, na mzee anakuomba umrekodie tena ukimaliza.