Navaa mainasi 8, hii retina kubanduka inawapata watu wangapi kweli?

Kijana wa Uyole:
Wakuu kwema? Mi niko Mbeya, miwani ya kuonea mbali navaa tangu darasa la tano, saivi kulia mainasi 8 kushoto 7.5. Juzi nimeenda kubadili lenzi jamaa akaniuliza nishawahi kuchunguzwa retina (ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha), nikasema bado, akadai watu wa mainasi kubwa inaweza kubanduka ghafla ukabaki huoni. Tangu siku hiyo kila nikiona kidoti kinaelea moyo unaruka. Inatokea sana au kanitisha tu? Na nikifanya ile leza ya kuachana na miwani si inakuwa imeisha?

Optomu Iringa:
Hajakudanganya mkuu ila kakuachia njiani. Kwa watu wote kwa ujumla, kwenye watu 10,000 kwa mwaka ni kama 1 tu hivi. Sasa ukiwa na mainasi 1 mpaka 3 hatari inapanda kama mara 4, ukizidi 3 inafika mara 10, na wewe umeshazidi mbali. Lakini piga hesabu, mara 10 ya kitu kidogo bado ni kama mtu 1 kwenye 1,000 kwa mwaka, wengi wa mainasi 8 wanazeeka na retina zao salama.
Sababu ni kwamba jicho lako ni refu kuliko kawaida, retina imevutika imekuwa nyembamba. Ule ute wa ndani ukisinyaa unaivuta, inachanika, maji yanapenya kwa nyuma, basi inabanduka kama rangi ya ukuta ulioingia maji. Leza ya kuacha miwani inachonga kioo cha mbele tu, urefu wa jicho uko palepale, kwahiyo hatari haiondoki.

Mama Pacha Njombe:
Mdogo wangu vidoti vya miaka yote visikutishe, ogopa vikija vingi kwa mpigo. Mume wangu (mainasi 9) ilikuwa kama mtu kamwagia masizi kwenye jicho, usiku anaona vimulimuli pembeni kama mtu anachomelea geti, sisi tukasema vumbi la mahindi, tukanunua dawa ya matone dukani. Siku ya tatu pazia jeusi likaanza kupanda kutoka chini. Akafanyiwa upasuaji Dar wakamwekea gesi ndani ya jicho iibane retina mahali pake, analala kifudifudi, na wakamkataza kabisa kurudi huku mpaka gesi iishe! Maana ukipanda mlima Kitonga hewa inakuwa nyepesi, gesi inatanuka, presha ya jicho inapanda. Alikaa kwa shemeji Mbagala karibu miezi miwili, anasema anaona mstari unacheza kama pima maji ya fundi, kila wiki unashuka kidogo. Saivi anaona, ila mistari ya daftari anaiona imepinda.

Optomu Iringa:
Pole dada. Hapo ndo tofauti, retina ikichanika, tundu likiwahiwa kabla haijabanduka linazungushiwa leza na siku hiyohiyo mtu anarudi kwake.

Mzee wa Parachichi:
Kwahiyo sisi wa huku juu hata gesi inatukataa 😂

Kijana wa Uyole:
Asanteni sana. Jumatatu naenda rufaa wanipanue mboni, nimeambiwa ukitoka huko mwanga unaumiza masaa kadhaa, pikipiki naiacha nyumbani.