O'Connell aliwatosa wakulima wake mwaka 1829? Tujadili

Wakuu, Daniel O'Connell, yule wakili wa Kerry, Waayalandi walimpa jina la Mkombozi. Mimi jina hilo linanikwama kooni.

Julai 1828 kulikuwa na uchaguzi mdogo Clare, kaunti ya Ayalandi, nchi iliyotawaliwa na London. Mkatoliki aliweza kugombea, ila hangekaa bungeni London bila kula kiapo kinachoikana dini yake. Wapiga kura wengi walikuwa wakulima wapangaji wenye ardhi ya thamani ya shilingi 40 kwa mwaka. Na kura haikuwa ya siri. Unasimama pale mjini Ennis mbele ya kadamnasi, unatamka jina la umtakaye, na mwenye shamba anasikia. Kesho anaweza kukutimua wewe na wanao. Walitamka hivyo hivyo: O'Connell 2,057, Vesey Fitzgerald 982, naye alikuwa waziri.

London ikatishika. Aprili 1829 Wakatoliki wakafunguliwa bunge. Lakini sheria hiyo ilikuja na pacha wake: sifa ya mpiga kura wa kaunti ikapandishwa kutoka shilingi 40 (yaani pauni 2) hadi pauni 10. Kutoka wapiga kura 216,000 hivi wakabaki 37,000. Waliohatarisha mashamba wakafungiwa nje, mawakili wakaingia ndani.

Na msiniambie alishtukizwa. Mwaka 1825 biashara ya namna hiyo ilipopendekezwa, mwenyewe aliikubali. Muswada ulikufa kwa Malodi tu, yaani baraza la juu la bunge la London.

*

Mkuu, unamwonea. Aprili 1829 alikuwa hajaapishwa, angeizuia kwa kura ipi? Walioshika mpini ni waziri mkuu Wellington na Peel, waziri wake wa mambo ya ndani. Bila ule mlango kufunguka, asingekuwamo bungeni kuupigia kelele utumwa wa makoloni hadi sheria ya kuukomesha ikapita 1833. Ukipewa nusu mkate ukiwa na njaa, unautupa?

*

Nusu mkate sawa, ila aliumega kwenye sahani ya nani? Wakulima hao ndio waliokuwa wakichanga peni moja kwa mwezi kuendesha chama chake tangu 1824. Kura hakuwa nayo, nakubali. Umati alikuwa nao, na 1843 aliujaza kilima cha Tara kudai Ayalandi iwe na bunge lake Dublin. Mbona 1829 hakuuita? Hoja ya 1825 ilikuwa kwamba mkulima wa shilingi 40 hupiga kura anavyoagizwa na mwenye shamba. Sasa Clare si walishaijibu hiyo?