Nimestaafu ualimu mkuu, sasa shule zinaniita niwashauri. Nianzie wapi?

Mstaafu_Makorora:
Habari zenu wanajukwaa. Mwezi wa sita nilitimiza miaka 60, nikakabidhi funguo, daftari la mali na mhuri wa shule. Miaka 34 ya chaki, 17 ya mwisho nikiwa mwalimu mkuu, yote mkoa huu wa Tanga: Lushoto, Muheza, kisha hapa mjini. Wiki ya tatu tu simu zikaanza. Mwenye shule binafsi moja njia ya Pongwe anataka niwe mshauri wake kwa malipo, siku mbili kwa wiki. Na mwalimu mkuu kijana wa shule ya serikali huko pwani, aliyewahi kuwa mwalimu wa taaluma shuleni kwangu, naye ananiomba msaada. Huyu hana fungu la kunilipa, labda nauli ya daladala.

Kwake nimeshakwenda mara moja. Darasa la pili, mtoto kasimama, kasoma ukurasa mzima bila kukwama, wenzake wakampigia makofi ya kilo. Nikamsogelea, nikaziba ukurasa kwa kiganja, nikaacha neno moja tu: "kikapu". Akanitazama. Hadithi yote alikuwa ameikariri kwa kusikia. Mwalimu wake ana watoto 96 na hakuwa amegundua. Mdomo ukanitoka, mbele ya watoto: "Mwalimu, huyu hajui kusoma."

Yule binti mwalimu aliinamisha uso, na hadi kengele ya kutoka hakunisemesha tena. Jambo hili linaninyima usingizi. Mafunzo ya uongozi niliyapata ADEM, chuo cha uongozi wa elimu kule Bagamoyo, lakini kule nilifundishwa kuongoza shule yangu. Nimezoea kusema watu wakatekeleza, na sasa mhuri sina. Mliotangulia, mtu anaingiaje shule ya mwenzake bila kumvunja mwalimu?

Mkaguzi_wa_Zamani:
Pole mwalimu mwenzangu. Mimi nilikuwa mkaguzi tangu kabla hatujaitwa wathibiti ubora. Kwanza pita kwa mkurugenzi wa halmashauri upate barua, ili huyo kijana asije akaulizwa umeingiaje. Darasani kaa nyuma, kalamu iache mfukoni. Mwalimu akiona unaandika, anaacha kufundisha watoto anaanza kukufundisha wewe. Kipindi kikiisha muulize yeye kwanza ameonaje, halafu zungumzeni jambo moja. Moja tu, hata kama umeona tisa.

Shule nyingi sasa zina jumuiya za ujifunzaji za MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, walimu wanakaa wenyewe kwa wenyewe. Omba ukae humo kama mwenzao. Na mihtasari ya mtaala ulioanza Januari 2024 isome upya kabla hujamshauri mtu.

Mwl_wa_Awali_Pangani:
Shikamoo mwalimu. Nakuandikia nikiwa upande wa huyo binti. Kwetu alikuja mzee mstaafu, nikaandaa zana usiku kucha nikijua nimekwisha. Alipofika akaniomba chaki, akasema, "Leo nifundishe mimi, wewe kaa dawati la nyuma." Watoto 110. Dakika ya kumi walishamshinda, koo limemkauka. Akanigeukia: "Mwanangu, wewe unafanyaje kila siku?"

Hapo ndipo nilipoweza kumwambia ukweli kwamba wengi wao siwafikii. Tukakaa chini ya mwembe tukawagawa kwa herufi wanazozijua, siyo kwa madawati. Akaniletea mfuko wa vizibo vya soda alivyookota kwa mama ntilie, tukaandika silabi juu yake. Alikuja kila Jumatano muhula mzima. Mpaka leo nikikwama nampigia.

Kwa hiyo mwalimu, rudi umwombe radhi, na uombe hao watoto 96 uwafundishe wewe.

Mjumbe_Kamati_ya_Shule:
Ile ya binafsi usiikatae, mafao yana mwisho. Ila mwandikiane kazi yako ni nini, usije ukatumwa kutafuta wanafunzi mitaani.

Mstaafu_Makorora:
Marahaba mwanangu wa Pangani, na ahsanteni wote. Ile shule ya binafsi nitachukua siku moja, siyo mbili. Barua ya mkurugenzi naifuatilia Jumatatu. Yule binti nimempigia simu jana baada ya magharibi nikamwambia nilikosea, tena nilikosea mbele ya watoto wake. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Karibu Alhamisi mwalimu, kipindi cha pili, tuna Kusoma." Nimemwomba aniachie chaki. Vizibo nimeanza kuviokota, nina 43.