Mdogo wangu aliolewa India, mume akaficha kwamba alishaoa. Sheria inasemaje?

Mwana Kisutu (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za leo. Sisi ni Wahindu wa Dar, Wagujarati, wazaliwa wa hapahapa. Desemba iliyopita mdogo wangu wa kike aliolewa Rajkot, Gujarat. Ndoa ya kutafutiwa: masi, yaani mama mdogo wetu, alileta wasifu wa kijana kwa WhatsApp, nyota zikalinganishwa, wazee wakakubaliana, harusi ikafungwa mbele ya moto kwa hatua zote saba. Wasifu ule ulisema kijana hajawahi kuoa na ni mhandisi.

Machi, akiwa ukweni, dada akakuta kabatini bahasha ya mahakama. Kumbe bwana alishaoa, na kulikuwa na kesi ya talaka. Uhandisi nao hakuna, ni muuza vipuri. Alipouliza, mama mkwe akamjibu, "Tungekuambia ungekubali?" Dada akapanda ndege, yuko nyumbani tangu wakati huo. Hana ujauzito.

Sasa wazee wamegawanyika. Wengine wanasema aombe talaka hapahapa Dar, wengine arudi wayamalize kifamilia. Mume ni raia wa India na anaishi hukohuko. Naomba ushauri, hasa kwa wanaoijua sheria ya kule.

Babu Gerezani
Pole mwanangu. Mimi nasema msikimbilie mahakama. Mume hajampiga, hajamfukuza. Arudi wakae hata miezi mitatu, amwangalie tabia. Akishindwa, mahakama haihami.

Shangazi wa Upanga
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapana. Mtu aliyeficha mke mzima atashindwa kuficha nini? Na dhahabu yake iko wapi? Hilo ndilo la kwanza kuuliza.

Mwana Kisutu
Dhahabu iko kwa mama mkwe. Alisema anaiweka salama.

Shangazi wa Upanga
Salama ya nani?

Nilipita Pune
Nilisoma sheria Pune, India, na nimeshughulikia ndoa za namna hii. Nianze na Babu, kwa heshima zote: ushauri wake ndio unaoua kesi.

Ndoa hii iko chini ya Sheria ya Ndoa za Kihindu ya mwaka 1955. Kifungu cha 12 kinaruhusu ndoa ibatilishwe iwapo ridhaa ilipatikana kwa udanganyifu kuhusu jambo la msingi linalomhusu mwenzi. Maneno hayo ya "jambo la msingi" yaliongezwa mwaka 1976. Kabla ya hapo kumbana mwongo ilikuwa ngumu zaidi. Lakini kifungu hichohicho kina milango miwili inayojifunga. Kwanza, shauri lifunguliwe ndani ya mwaka mmoja tangu udanganyifu ugundulike. Kwenu saa ilianza kwenda Machi, siyo Desemba. Pili, akishajua ukweli kisha akaishi naye kwa hiari kama mke na mume, haki hiyo imekwisha. Miezi mitatu ya kuangalia tabia, hata wiki moja, wakili wa mume ataishika kwa mikono miwili.

Kwa hiyo asirudi, na asiandike "nimekusamehe" kwenye simu.

Kabla ya yote tafuteni nakala ya hukumu ya talaka yenye muhuri wa mahakama. Kama siku ya harusi yenu talaka ya kwanza ilikuwa haijatoka, hatuzungumzii kifungu cha 12 tena. Ndoa ni batili tangu mwanzo kwa kifungu cha 11, na ukomo ule wa mwaka mmoja haupo. Hapo mume ana kesi ya jinai pia: kanuni mpya ya makosa ya jinai, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, inatoa hadi miaka kumi kwa anayeoa tena huku akimficha mwenzi wake mpya ndoa iliyopo.

Uhandisi usiutegemee peke yake. Watu hujipamba kwenye wasifu na mahakimu wanalijua hilo. Ndoa iliyofichwa ndiyo yenye uzito.

Kijana wa Tanga
Mkuu, kama aliyedanganya ni mshenga? Mume si atasema wasifu hakuuandika yeye?

Nilipita Pune
Atasema hivyohivyo. Ndiyo maana simu ya masi isibadilishwe wala kufutwa kitu. Ionekane wasifu ulitoka kwa nani, na kama kijana mwenyewe aliwahi kuurudia uongo huo kwenye mazungumzo yake na dada. Ushahidi wa simu kule unahitaji cheti maalumu cha uthibitisho, wakili atakiandaa.

Mwana Kisutu
Ahsante sana mkuu. Na kufungua hapa Dar?

Nilipita Pune
Mnaweza kupata karatasi ya talaka, ila mume akiipinga kule huenda isitambuliwe. Mahakama ya Juu ya India ilisema mwaka 1991 kwamba hukumu ya ndoa ya nchi ya nje ikubalike pale ilipotolewa kwa misingi ya sheria waliyooania, na mahakama iwe na mamlaka kwa sheria hiyo, isipokuwa mhusika aliyeko India amekubali kwa hiari kusikilizwa na mahakama hiyo ya nje. Fungueni Rajkot, ndipo ndoa ilipofungwa. Dada anaweza kumpa ndugu hati ya uwakilishi iliyothibitishwa ubalozi wa India, ingawa kwenye kutoa ushahidi ajiandae kusafiri.

Dhahabu: zawadi alizopewa bibi harusi ni mali yake. Mahakama hiyohiyo ililisema mwaka 1985. Andikeni orodha na picha za harusi, mzidai kwa barua ya wakili.

Babu Gerezani
Nimesoma. Basi asirudi. Je, wakikubaliana waachane kwa amani?

Nilipita Pune
Inawezekana, talaka ya maridhiano. Sharti wawe wametengana mwaka mzima, halafu kuna miezi sita ya kusubiri, ambayo tangu 2017 hakimu anaweza kuisamehe. Tatizo: mwaka huo wa kutengana unaisha Machi, na ule wa kifungu cha 12 unaisha Machi hiyohiyo. Wakiwabembeleza hadi hapo kisha wakageuka, mmekosa. Fungueni shauri, mazungumzo yaendelee pembeni.

Mwana Kisutu
Mrejesho, wakuu. Ndugu yetu wa Rajkot amepata nakala. Talaka ilitoka miezi minne kabla ya harusi.

Nilipita Pune
Basi kifungu cha 11 na ile jinai ya ndoa mbili vimeondoka, mnabaki na cha 12, na nakala hiyohiyo ndiyo ushahidi wenu kwamba alishaoa. Mtafuteni wakili wa mahakama ya familia wiki hii. Mahakama za Gujarat hufunga kwa likizo ya Diwali, msije mkaangukia hapo.

Shangazi wa Upanga
Na orodha ya dhahabu ianze leo usiku. Bangili za bibi msizisahau.