Siku tisa za "ombi lako limepokelewa": Ksh 48,000 za msaada wa programu zimekwenda wapi?

Wadau, nisameheni kwa urefu. Niliandika juzi nikafuta kwa sababu ya matusi. Leo nimepunguza matusi, hasira imebaki.

Nina duka la jumla hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Unga, mchele, sukari, mafuta, sabuni. Mzigo unatoka Mombasa kwa lori hadi Mokowe, unavuka kwa mashua, na kutoka gatini unabebwa na punda na mikokoteni ya mkono hadi stoo. Wateja wangu ni wa namna mbili. Wapo wenye gesti na hoteli, wa mjini na wa Shela. Na wapo wenye maduka wa Pate, Faza na Kizingitini, ambao hufika na boti mapema, wananunua, wanapakia, na lazima waondoke kabla maji hayajatoka kwenye mlango wa Mkanda. Ukichelewa pale unakwama, unakaa na magunia yako hadi maji yajae tena. Naeleza haya ili mtu aliyeko Nairobi anielewe ninaposema kwamba "tutakupigia baadaye" si jibu la kumpa mteja aliyesimama mbele yangu nahodha wake anamwita.

Tangu 2018 natumia programu ya mauzo na stoo ya kampuni moja. Jina silitaji, wanaoitumia wataijua kwa maumivu. Programu yenyewe nililipa mara moja. Msaada wa kiufundi ndio wa kila mwaka, Ksh 48,000, na mkataba wameuita "Kifurushi cha Fedha". Miaka yote hiyo sidhani niliwapigia mara nne. Yaani mimi ni yule mteja ambaye kila kampuni inamwombea maisha marefu.

Basi Jumatatu ile, saa mbili kasorobo asubuhi, keshia anampigia ankara mtu wa Faza. Anabofya kuhifadhi, kinatokea kisanduku cha Kiingereza kilichojaa maneno. Anabofya tena, kisanduku kile kile. Nami nikaja nikabofya, maana sisi wenye maduka tunaamini kidole cha tajiri kina baraka zaidi. Hakuna. Bei inaonekana, stoo inaonekana, ila kitu kipya hakihifadhiki hata kimoja.

Nikapiga simu. Dakika 26 za muziki, na kila muziki ukipumua sauti ya dada inaniambia simu yangu ni muhimu kwao. Kijana akapokea, akachukua jina, namba ya mkataba, akaniambia nimefunguliwa tiketi, yaani faili la tatizo langu lenye namba yake. Kabla sijaweka simu mezani ujumbe ukaingia: "Ombi lako limepokelewa." Nikafurahi. Nilikuwa bado mjinga.

Jioni ikaja baruapepe: zima kompyuta, iwashe tena, tuma picha ya kosa. Tulikuwa tumeizima na kuiwasha mara saba, lakini nikafanya ya nane, nikapiga picha ya kisanduku, nikajibu pale pale kwenye baruapepe ile. (Wekeni hili akilini, nitalirudia.)

Jumanne akapiga mwingine. Akasema diski imejaa, futa vitu. Nikamwambia ndugu yangu, diski ina GB 212 wazi, naziona hapa. Akasema, "Futa tu kwanza, tuone." Nikafuta. Hatukuona kitu.

Akasema basi kesho saa nne mtaalamu ataingia kwenye kompyuta yangu kutoka kwao. Jumatano saa nne asubuhi nimekaa kitako mbele ya mashine, keshia nimemwondoa, wateja nimewaambia wasubiri. Saa tano. Saa sita, adhuhuri ikaadhiniwa. Saa nane nikapiga, nikaambiwa nisubiri muda wangu. Simu ikaja saa kumi jioni, na bwana yule kwa upole kabisa: "Si tulisema saa nne?" Wallahi nilibaki nimeachama. Saa nne yake ni ile namba 4 aliyoiona kwenye saa ya ukutani kwao. Mtu anaongea Kiswahili siku nzima kazini na saa anasoma za kizungu.

Haya, akaingia. Mnaijua hali ile ya kukaa ukitazama mshale wa mausi unatembea wenyewe kwenye kompyuta yako? Unakwenda kushoto, unasimama, unazunguka duara kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Ukafungua diski C. GB 212 zikaonekana. Ukasimama pale muda mrefu. Ukaenda kwenye pipa la taka, ukalimwaga. Ukaingia folda ya vitu nilivyopakua, ukachagua vyote, ukafuta, mimi napiga kelele kwenye simu kwamba humo mna orodha za bei za wauzaji wangu wa Mombasa. "Samahani mkubwa." Kisha akafungua programu, akajaribu kupiga ankara, kisanduku kikatokea. Akakifunga bila kukisoma. Nasema bila kukisoma kwa sababu nilikuwa namwona: kisanduku kimekaa kwenye skrini muda wa kupepesa jicho. Akajaribu tena, akakifunga tena. Mara ya tatu intaneti ikakatika, naye akakatika nayo.

Alhamisi ndiyo waliyonitia wazimu. Ushauri ulioandikwa, na nembo ya kampuni juu: nifute ankara zote za kabla ya mwaka huu ili kupunguza uzito. Jamani! Sheria ya kodi ya Kenya inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake miaka 5. Hawa ni watu wanaouza programu ya ankara. KRA, watu wa kodi, wakija kuniuliza, niwaonyeshe baruapepe ya msaada wa kiufundi? Nikakataa, nikawaandikia kwa nini nakataa. Kimya.

Wakati huo dukani tunaandika daftarini. Mzee wangu, ambaye duka hili ni lake tangu sijazaliwa, alikuwa na furaha ambayo hakuificha. Alitoa kalamu yake mwenyewe. "Daftari halikuulizi nenosiri," akasema, na hilo alilisema kila siku kwa siku tisa. Wateja wa visiwani hawakuwa na neno, wanataka mzigo wawahi maji. Shida ikawa hoteli. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliki kwenye hesabu za kodi, kwa hiyo mhasibu wa hoteli ukimpa karatasi ya daftari anakutazama kama umempa ganda la muhogo. Wawili wakanunua kwa jirani yangu. Siwalaumu. Jirani pia simlaumu, ingawa angeweza kuacha kunisalimia kwa bashasha ile.

Jumamosi ikaja baruapepe: tiketi yangu imefungwa kwa sababu sikujibu. Sikujibu! Kumbe zile baruapepe zao zinatoka kwenye anwani isiyopokea kitu. Picha yangu ya Jumatatu, maelezo yangu ya Alhamisi, yote yalitumbukia baharini. Nikafungua tiketi ya pili, na ya tatu Jumatatu iliyofuata baada ya ya pili kufungwa kwa kufanana na ya kwanza. Kila tiketi mtu mpya, na kila mtu mpya anaanza pale pale: je, umejaribu kuzima na kuwasha?

Yule wa tatu akatoa njia mbili. Ama nimlipie mtaalamu ndege ya kuja Manda, boti, malazi, na Ksh 15,000 kwa siku, ama nipeleke kompyuta Mombasa. Yaani niivushe mashine kwa boti hadi Mokowe, niipandishe basi, Witu, Garsen, Malindi, hadi Mombasa, halafu wapate kubofya wao wenyewe na kukiona kisanduku ambacho nimeshawatumia picha yake.

Jumanne, siku ya tisa, kijana anayetengeneza simu kule Mkomani alikuja kununua mchele. Akatukuta na madaftari. "Ami, mashine ina nini?" Nikamwonyesha. Huyu bwana mdogo alifanya jambo ambalo watu wanne wanaolipwa mshahara hawakulifanya: alikisoma kisanduku. Chote, hadi nukta. Akaniambia, "Ami, hapa hapasemi diski. Panasema faili la hifadhidata limejaa."

Sasa naomba mnaotumia programu za namna hii msome hapa vizuri. Programu yangu inaweka data kwenye SQL Server, programu ya Microsoft ya kutunza hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu zote za duka; ni toleo la bure liitwalo Express. Langu ni la 2017. Toleo hilo lina dari: hifadhidata moja haiwezi kupita GB 10. Diski yako iwe na GB 10 au GB 10,000, ikifika pale inagoma kupokea kipya. Microsoft hawakuficha, imeandikwa wazi kwenye maelezo yao. Aliyechagua kutumia toleo la bure ndani ya programu aliyoniuzia ni kampuni yangu.

Na kwa nini ilijaa? 2024 walinitoza pesa nyingine kuniwekea kipande cha eTIMS. Kipande hicho, kila ankara ikitoka, kinahifadhi nakala ya PDF ndani ya hifadhidata yenyewe badala ya kuiweka kwenye folda ya kawaida. PDF moja kama KB 200. Mimi napiga ankara kama 80 kwa siku, hiyo ni MB 16 kila siku ya Mungu. Pigeni hesabu wenyewe, haifiki miaka miwili. Kila mteja wao mwenye duka la ukubwa wangu atagonga dari hiyo hiyo, ni swali la mwezi gani tu, na mtu wa kwanza aliyepaswa kujua ni hao wanaolipwa kwa jina la msaada.

Kijana alichukua nakala rudufu kwanza, kwenye diski ya nje. Akahamisha PDF zote kwenye folda, tukafungua chache kuhakikisha zinasomeka, ndipo akaziondoa ndani ya hifadhidata. Ankara zenyewe ziko palepale, namba zote. Saa mbili na nusu za kazi, na mapumziko ya maghribi ndani yake. Nikamwuliza kiasi gani, akasema nitakachompa. Nilimpa 3,000 na mfuko wa mchele.

Usiku nikautoa mkataba kabatini nikausoma kwa miwani. Umeandikwa "muda wa kujibu: saa 4". Nikaupekua mbele na nyuma kutafuta muda wa kutatua. Haumo. Neno kutatua halimo kabisa. Kumbe kisheria wale watu wako safi kabisa: tiketi tatu, zote zimejibiwa ndani ya saa nne. Nilidhani nanunua fundi, kumbe nimenunua mwangwi.

Sisemi wale vijana wa simu ni wabaya. Nilikuwa nawasikia, nyuma yao kuna wengine thelathini wanasema maneno yale yale, na naamini wamepewa karatasi ya kusoma na hesabu ya simu za kumaliza kwa siku. Hasira yangu ni kwa aliyeiandika hiyo karatasi.

Ombi langu kwenu. Mosi, ukitumia programu ya aina hii, tafuta faili lenye mwisho wa .mdf, ndilo lenye data yenyewe, utazame uzito wake. Lile la .ldf, la kumbukumbu za mabadiliko, lisikutishe, halihesabiwi kwenye zile GB 10. Ukiona .mdf limepita GB 8, anza kusumbua watu sasa, usingoje asubuhi yenye boti tatu gatini. Pili, kama kuna mtu humu ana mkataba ulioandikwa muda wa kutatua, na si wa kujibu, aniambie aliupataje. Mjibu hapa hapa hadharani, si kwa ujumbe wa faragha, na wengine wafaidike.

NYONGEZA, jioni hii: baruapepe imeingia. Tiketi ya tatu imefungwa, sababu "imetatuliwa na timu yetu", wananiomba nyota kuanzia 1 hadi 5. Nusu saa baadaye akapiga dada wa mauzo. Kwa kuwa nimepata usumbufu, wananipa bei nafuu ya Kifurushi cha Dhahabu, ambacho muda wake wa kujibu ni saa 1 badala ya 4. Nikamwuliza, na wa kutatua je? Akanyamaza kidogo. Akasema ataulizia, atanipigia kesho saa nne.

Sikumwuliza nne ipi.