Msaada wakuu: nianze kuzalisha samaki gani wa mapambo wa baharini?

Kijana_wa_Wete: Asalaam alaykum wanajamvi. Mie niko Pemba, nataka kuzalisha samaki wa mapambo wa baharini nyumbani, maji nachota pwani, tangi la kioo ninalo na pampu ya hewa pia. Klaunifishi au kadinali wa Banggai, nianze na yupi? Usingizi siupati.

Karafuu_Mbichi: Waalaykum salaam. Ami yangu alifuga mwatiko, masika yakabomoa bwawa samaki wote wakarudi baharini. Fuga kuku mdogo wangu.

Fundi_Tangi: Kadinali rahisi, dume anaatamia mayai mdomoni wiki tatu nne hivi, watoto wakitoka wanakula artemia, vile vikamba vidogo sana, siku hiyohiyo, ila kwao Indonesia, huku utampata wapi? Klaunifishi wapo miambani kwetu. Wote huzaliwa madume, weka wadogo wawili, mwenye nguvu anageuka jike. Mayai yanaanza rangi ya chungwa, kama siku ya saba unaona vijicho vinang'aa kama fedha, usiku huo yanatotoa. Uwe na rotifa tayari, vile vijidudu vya majini vya kulisha watoto, la sivyo wote njaa itawamaliza. Ndani ya tangi mna nini sasa hivi?

Kijana_wa_Wete: Tangi lipo tu.

Fundi_Tangi: Lipo tu na nini kaka?

Kijana_wa_Wete: Haya. Mna kangaja wa buluu sita, nshanunua kwa mzamiaji, kwa pesa ya mwani ya mke wangu, hajajua. Lakini hao bei yao kubwa, wakizaa ntamrudishia mara mbili.

Mama_Dufu: Mwenzio kasimama majini na jua la utosi, wewe unachukua kimyakimya! Kamwambie leo kabla ya isha.

Fundi_Tangi: Kangaja huyo Chuo Kikuu cha Florida walihangaika naye miaka ndo wakafanikiwa 2016, na wale wana maabara.

Jicho_Kali: Hadithi ya kutunga hii. Umeme ukikatika usiku pampu si inasimama? Wangeshakufa. Tuma picha.

Kijana_wa_Wete: Picha hiyo. Wallahi sitanii, ukikatika nachota maji kwa kopo nayamimina kutoka juu mpaka urudi, jana saa tano mpaka saa nane usiku.

Jicho_Kali: Nisamehe yakhe. Ila huyo wa kushoto mbona ana vidoa kama punje za chumvi kwenye pezi?

Fundi_Tangi: Madoa meupe hayo, kangaja ndo yanawapenda. Usimtoe yeye peke yake, wenzake nao washaambukizwa, tafuta chombo kingine uwahamishe wote na wavu usichanganye. Nipo Chake, asubuhi nakuja na dawa.

Kijana_wa_Wete: Nawahamisha. Mke wangu ndo kashika tochi, nshamwambia.