Lisbon au Porto kwa siku tatu, nikiwa na mama anayeumwa magoti

Binti wa Kuze:
Assalaam alaikum ndugu zangu. Ninaishi Ujerumani, na mwezi wa Novemba mama yangu atakuja kutoka Mombasa kunitembelea kwa mara ya kwanza. Amefundisha historia katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka 30, na wanafunzi aliowapitisha kwenye lango la Fort Jesus akiwaeleza habari za Wareno hawahesabiki. Ningependa kumpeleka Ureno kwa siku tatu, kwa kuwa viza yake ya Schengen inaturuhusu, lakini nimekwama kati ya Lisbon na Porto. Kwenye tambarare hutembea vizuri, ila ngazi nyingi humwumiza magoti, nami nasikia miji yote miwili imejengwa vilimani. Isitoshe, sisi hatunywi pombe, na karibu kila ninachokisoma kuhusu Porto kinazungumzia mvinyo. Mngetushauri twende wapi? Na je, yafaa kuiunganisha miji yote miwili?

Mzee wa Bandarini:
Wa alaikum salaam, binti yangu. Niliishi Lisbon miaka minne, na kwa mtu aliyefundisha historia ya pwani yetu sioni sababu ya kusitasita. Anzeni Belém, sehemu ya Lisbon iliyo kando ya mto. Kaburi la Vasco da Gama limo ndani ya kanisa la monasteri ya Jerónimos, karibu na mlango, kwa hiyo hakuna mwendo mrefu. Mama atasimama mbele ya mtu ambaye Aprili 1498 alitia nanga nje ya Mombasa, mambo yakaharibika, akaendelea hadi Malindi alikopata rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Mkumbushe pia kwamba msalaba ulio juu ya ile nguzo ya Vasco da Gama iliyoko Malindi ni wa jiwe lililoletwa kutoka Lisbon. Mimi pale moyo wangu uligawanyika, kwa sababu meli zilizofuata ndizo zilizoipora Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505, na sidhani kama mtu wa pwani anaweza kulitazama kaburi lile kwa macho ya mtalii wa kawaida. Hata hivyo, sijutii kwenda.

Kuhusu magoti: Belém ni tambarare kando ya mto Tagus, na tramu namba 15 inafika huko kutoka katikati ya mji. Mtaa wa Baixa nao ni tambarare, maana ulijengwa upya kwa njia zilizonyooka baada ya tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, lililofuatwa na moto na mawimbi ya bahari. Fikieni hapo. Kituo cha metro cha Baixa-Chiado kina ngazi za umeme zitakazowapandisha mpaka Chiado, na karibu yake pana kanisa la Carmo, ambalo limeachwa bila paa tangu tetemeko hilo. Alfama, mtaa wa kale wa Lisbon, itazameni kwa mbali. Vichochoro vyake vitamkumbusha Mji wa Kale wa Mombasa, lakini vimejaa ngazi. Chakula cha halali mtakipata maeneo ya Martim Moniz, na Msikiti Mkuu, uliofunguliwa mwaka 1985, uko karibu na Praça de Espanha. Monasteri hufungwa Jumatatu, hivyo pangeni siku zenu vizuri.

Msomaji wa Ramani:
Naomba kuitetea Porto, kwa sababu si haki kuifanya kuwa mji wa mvinyo tu. Ukuta wa ndani wa stesheni ya São Bento umepambwa kwa vigae vipatavyo 20,000 vya buluu na vyeupe vinavyosimulia historia ya Ureno, ikiwemo kutekwa kwa Ceuta, mji wa Afrika Kaskazini, mwaka 1415, na mtu anayeijua historia hiyo anaweza kuvisoma kwa saa nzima. Kutoka hapo mnaweza kupanda metro ya mstari D, ambayo hupita juu kabisa ya daraja la Dom Luís I la mwaka 1886, na mama atauona mto Douro wote akiwa ameketi. Ziko pia mashua zinazowapitisha abiria chini ya madaraja sita. Lakini nikiri jambo moja: mitaa ya Porto inateremka kwa ukali hadi mtoni, Novemba ni mwezi wa mvua kule, na mawe ya njiani yakilowa huteleza. Kwa magoti ya mama yako, mimi mwenyewe ningechagua Lisbon.

Dada wa Hamburg:
Msijaribu kuiunganisha, dada yangu. Treni ya haraka kati ya miji hiyo inachukua karibu saa tatu, na ukijumlisha kufunga mizigo na kubadilisha hoteli, siku nzima kati ya tatu mlizo nazo imekwisha. Lala Baixa usiku zote tatu. Halafu mwambie mama asome mabango ya barabarani, kwani ataona mesa, bandeira na lenço, naye atazitambua meza, bendera na leso bila kufundishwa na mtu. Igreja, yaani kanisa, inaaminika kuwa ndiyo asili ya neno letu gereza.

Binti wa Kuze:
Nimewashukuru sana, na Mzee wangu Mungu akulipe kheri. Nimemsomea mama majibu yenu kwa simu. Aliposikia habari ya igreja alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba Fort Jesus yenyewe ilikuwa gereza hadi mwaka 1958, na kwamba babu yake aliwahi kuipita kila asubuhi akienda kazini wafungwa wakiwa bado ndani. Tutakwenda Lisbon. Tutafika Alhamisi, Ijumaa tuswali Msikiti Mkuu, na Jumamosi asubuhi, kabla watu hawajawa wengi, nitampeleka Belém.